Mahabharata, kurasa kumi kwa usiku

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kuisoma Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa India, yote nzima, si muhtasari, kisha abaki na daftari la Kiswahili analoweza kulirudia. Niliongeza sehemu kila nilipomaliza hatua. Kisanskriti sikijui, kwa hiyo ninachosema kuhusu lugha yenyewe ni kidogo, na mwenye kukijua asinipige mawe.

8 Januari 2023: vifaa

Nimefundisha tenzi miaka mingi hapa Tanga, na mitaa miwili kutoka nyumbani kuna familia za Kihindi nilizokua nazo, lakini utenzi wao hata mmoja sikuwahi kuugusa. Kilichonichokoza ni hesabu. Shloka, ubeti wa kawaida wa Mahabharata, una vipande vinne vya silabi nane nane. Utenzi wetu nao ni vipande vinne vya mizani nane nane. Thelathini na mbili kwa thelathini na mbili! Ndani havifanani, maana wao hupima silabi ndefu na fupi na hawana habari na vina. Hata hivyo, mtu aliyelelewa na Utenzi wa Tambuka akisikia hesabu hiyo halali.

Kosa la kwanza nililifanya Desemba, kabla ya kuanza. Nilichukua muhtasari wa juzuu moja, nikaumaliza kwa wiki mbili. Nikawa najua nani kamuua nani, basi. Karna, ambaye naambiwa watu humlilia hadi leo, ndani ya muhtasari ule alikuwa adui mwenye upinde mzuri.

Sasa nimepakua tafsiri ya Kiingereza ya Kisari Mohan Ganguli, iliyotoka kati ya 1883 na 1896. Hakimiliki imekwisha, kwa hiyo ni bure. Kiingereza chake kinanuka vumbi, lakini hakurupuki wala haruki. Vitabu ni 18, kila kimoja huitwa parva, na mapokeo yanahesabu mashloka 100,000.

Nimenunua kaunta buku la kwaya nne kwa shilingi 6,000 na manila mbili kwa 1,000. Mpango ni kurasa kumi kila usiku kwenye simu, halafu nusu ukurasa wa maelezo. Sharti nililojiwekea: maelezo yote kwa Kiswahili, hata neno likinishinda.

26 Februari 2023: Adi Parva, na mti uliokataa kusimama

Nimeharibu vitu viwili.

Cha kwanza, niliruka habari za nyoka. Kitabu kinafunguka na Mfalme Janamejaya akiwasha moto wa kafara ili kuwateketeza nyoka wote duniani, kwa sababu nyoka Takshaka alimuua baba yake. Penye kafara hiyo ndipo utenzi wote unaposimuliwa. Nilidhani ni pambo la mlangoni, nikapita. Wiki sita baadaye nikafika mwisho wa parva, Arjuna, shujaa wa upinde, na rafiki yake Krishna wanauchoma msitu wa Khandava pamoja na viumbe wake, na msitu huo ulikuwa maskani ya nani? Ya Takshaka. Janamejaya ni kitukuu wa Arjuna. Ugomvi niliourukia mwanzoni ulikuwa na mzizi wake huku mwishoni. Nikarudi nyuma, usiku nne zikaenda. Usiruke nyoka.

Cha pili ni mti wa ukoo. (Neno shajara lenyewe kwa Kiarabu ni mti, sasa angalia mambo.) Juu ya manila nikamweka Shantanu. Mwanawe Bhishma aliapa kutooa wala kutawala ili baba amwoe Satyavati. Wana wa Satyavati wakafa bila watoto. Satyavati akamwita mwanawe mwingine, aliyemzaa kabla ya ndoa, aende kwa wajane. Huyo ni Vyasa. Kwa mjane wa kwanza akazaliwa Dhritarashtra, kipofu. Kwa wa pili Pandu. Kwa kijakazi akazaliwa Vidura. Pandu naye ana laana, hawezi kumkaribia mke, hivyo wanawe watano, wakiwemo Yudhishthira mkubwa wao, Bhima na Arjuna, wamezaliwa na miungu. Nikashika rula, nikaona mstari wangu kutoka kwa Shantanu hadi kwa Arjuna hauna damu hata tone. Manila ya kwanza ikaenda kufungia maandazi.

Kwenye ya pili nimetumia kalamu mbili. Nyeusi inaonyesha nani anahesabiwa mtoto wa nani, yaani nani anadai kiti. Nyekundu inaonyesha nani kamzaa nani. Nyekundu za ndugu wawili ambao wana wao ndio wanaogombana, kipofu na mwenye laana, zinakwenda kwa Vyasa, na Vyasa ndiye mtunzi wa kitabu. Vita hivi vyote kavitunga babu yao!

Hapa Kiswahili kimenisaidia kuliko Kiingereza. Kwa Kiingereza hao ni wana wa kaka wawili, neno moja baridi linawatosha. Kwetu Dhritarashtra ni baba mkubwa wa Pandava, yaani hao wana watano wa Pandu, Vidura ni baba mdogo, Bhishma ni babu, na Duryodhana ni ndugu, mtoto wa baba mkubwa. Shakuni mwenye dado ni mjomba wa Duryodhana. Krishna ni mtoto wa mjomba, kwa kuwa Kunti, mama wa Arjuna, ni shangazi yake. Nilipoyaandika majina hayo pembeni ya mti, nikaona kumbe nasoma kesi ya mirathi.

19 Aprili 2023: Sabha Parva, Krishna wanne

Fupi: Yudhishthira anaalikwa kucheza dado, anapoteza mali, ufalme, wadogo zake mmoja mmoja, kisha nafsi yake, kisha mke wao Draupadi.

Kosa langu la hapa ni kubwa. Ganguli humwita Draupadi kwa jina lake jingine, Krishnaa, ambalo kwake limeandikwa Krishna tu, bila alama. Vyasa naye jina lake ni Krishna Dvaipayana. Arjuna ana majina kumi, na moja ni Krishna. Jumla Krishna wanne. Msomaji wa Kiingereza anaokolewa na viwakilishi vya kike na vya kiume. Mimi nilikuwa nanakili kwa Kiswahili, na kwetu "akasema" ni ya kila mtu. Daftari langu la wiki tatu limejaa "Krishna akalia," "Krishna akauliza," "Krishna akanyamaza." Nilipofungua Vana Parva nikajikuta nimeandika "Krishna akamlilia Krishna kwamba hana mume wala ndugu." Nikarudi kusoma daftari, sikuweza kumtambua nani ni nani, mimi mwenyewe niliyeliandika.

Dawa: K-bwana, K-bibi, K-mzee, K-upinde. Kurasa 31 nilizipitia upya kwa kalamu nyekundu. Anayenifuata aanze hivyo tangu siku ya kwanza.

Kurudia huko kulinipa kitu. Mara ya pili niliisoma mahakama ile polepole. Mtumishi anatumwa ndani kumwita Draupadi. Yuko katika siku zake, amevaa nguo moja. Halii. Anamrudisha mtumishi na swali: nenda kamuulize huyo mcheza kamari, alijipoteza yeye kwanza au alinipoteza mimi? Kama alikwisha kuwa mtumwa, mtumwa anamweka rehani nani? Mtumishi anarudi na swali ukumbini, na ukumbi mzima wa wazee, walimu na wafalme hauna jibu. Dushasana, ndugu wa Duryodhana, anakwenda kumburuta kwa nywele. Draupadi anauliza tena mbele yao. Bhishma, babu, mjuzi wa kila sheria, anasema dharma (neno nitakalohangaika nalo mbele) ni jambo jembamba, hawezi kulikata. Anayesimama kumtetea ni Vikarna, mdogo wake Duryodhana, kijana, na Karna anamkemea akae chini. Karna huyohuyo anamtukana Draupadi tusi ambalo sikuliandika daftarini.

Nimekaa kwenye vikao vya ukoo. Ule ukimya naujua.

Kisha Dushasana anamvua nguo, nayo haiishi: kwa Ganguli, Draupadi anamwita Krishna na Krishna anasikia. Nimegundua kwamba toleo la uhakiki la taasisi ya Bhandarkar ya Pune, lililoanza 1919 na kukamilika 1966 kwa kulinganisha miswada mingi, limeyatoa maombi hayo kwenye matini kuu. Kwao nguo inazidi kuja tu, bila maelezo. Hata kisa cha Ganesha kuandika kwa imla ya Vyasa, ambacho nilikwisha kuwasimulia wanafunzi kwa mbwembwe, wamekipeleka kwenye viambatisho. Nimelazimika kuingia darasani na kukirekebisha.

30 Julai 2023: Vana Parva

Dado zimewafukuza Pandava: miaka kumi na miwili msituni, kisha mwaka mmoja wa kujificha. Miaka kumi na miwili ya msituni inasomeka kama miaka kumi na miwili ya msituni. Nilikwama Juni, siku kumi na tisa bila kufungua simu. Kila mzee wanayemkuta ana kisa, na ndani ya kisa kuna kisa.

Nilichofanya: nikaacha kurasa kumi, nikahesabu visa. Kisa kimoja usiku mmoja, kirefu au kifupi. Nala anayepoteza ufalme kwa dado, akasimuliwa Yudhishthira aliyepoteza ufalme kwa dado (mwenye kujipoza ajipoze). Savitri anayembishia mungu wa mauti kwa adabu mpaka anarudishiwa mume. Rama yumo pia, kwa kifupi. Mwisho kabisa kuna Yaksha, mlinzi wa ziwa, anayeuliza maswali wakati wadogo wanne wa Yudhishthira wamelala chini wafu. Ajabu kubwa ni ipi? Kila siku watu wanakufa, na waliobaki wanadhani wao wataishi. Hiyo niliiandika kwenye jalada la kaunta buku la pili.

Virata Parva, mwaka wa kujificha, niliimaliza kwa siku tisa nikicheka. Bhima ni mpishi. Arjuna anawafundisha mabinti ngoma.

1 Oktoba 2023: Udyoga Parva, na neno lililonishinda

Neno ni dharma. Nilianza na "dini." Bhishma akageuka sheikh wa kijiji. Nikajaribu "sheria," lakini kwenye ukumbi wa dado sheria ndiyo iliyokwama na dharma ndiyo iliyoulizwa. "Wajibu" ulikaa vizuri penye mashujaa, ukaharibika penye nasaba, kwa sababu baba wa Yudhishthira ni mungu Dharma mwenyewe, na "Yudhishthira mwana wa Wajibu" ni jina la mtu wa kwenye kibonzo. "Haki" ilikuwa kali mno, "ada" nyepesi mno. Kuna usiku niliandika "utu," nikafurahi, asubuhi nikaufuta, kwa kuwa dharma ya kitabu hiki huweza kumtaka mtu afanye lisilo la utu hata kidogo.

Nimeliacha dharma kama lilivyo, na pembeni naweka herufi: W, S, H, A au U, kadiri ya lile linalosikika zaidi mahali pale. Kuna mistari yenye herufi tatu. Hiyo ndiyo mistari ninayoirudia.

Kwa habari yenyewe: miaka imekwisha, Pandava wanadai sehemu yao. Wanateremka hadi kuomba vijiji vitano tu. Duryodhana anajibu kwamba hatoi hata ardhi inayoweza kutobolewa na ncha ya sindano. Mtu yeyote aliyewahi kuona ndugu wakigombea kiwanja cha marehemu baba, mpaka bikoni zinang'olewa usiku, hahitaji maelezo.

Kisha Karna. Kunti alimzaa kabla ya kuolewa, akamweka kwenye kikapu, akamwacha mtoni. Kalelewa na dereva wa gari la vita. Krishna anampandisha garini, anamwambia ukweli: wewe ni mtoto wa kwanza wa Kunti, na kwa dharma (S, H) mtoto wa namna hiyo huhesabiwa wa mume atakayemwoa mama. Kiti ni chako. Karna anakataa. Anamwomba Krishna amfiche Yudhishthira habari hiyo, maana akijua hataupokea ufalme, na mimi nikipewa nitampa Duryodhana.

Siku nyingine Kunti anakwenda mwenyewe mtoni. Karna anasali akiangalia mashariki, mikono juu. Mama anamsubiri nyuma, amejibanza kwenye kivuli cha nguo yake ya juu kwa sababu ya jua, na Karna hajui. Hakuna mtu aliyewahi kumpa kivuli mama aliyemtupa kwa namna hiyo, bila kujua. Akimaliza anageuka. Anamwahidi jambo moja: wanao watabaki watano. Ama Arjuna, ama mimi.

24 Desemba 2023: Diwali, mzee wa duka, na kusimama kwa wiki sita

Diwali ilikuwa tarehe 12 Novemba. Nilikwenda kumpa mkono wa heri mzee wa duka la vitambaa, tunayefahamiana tangu nikiwa mwanafunzi. Alinipa pipi za maziwa na chai. Nikamwambia ninachosoma.

"Unayo nyumbani?" akauliza.

"Ninayo kwenye simu, mzee."

"Hm. Kwenye simu labda si kitu." Akaangalia mlangoni. "Sisi hatuiweki nyumbani, mwalimu. Marehemu mama hakuruhusu. Ramayana ndiyo ya nyumbani. Ile nyingine ikikaa ndani ndugu wanaanza kugawana vijiko."

Hiyo imani nimeisikia baadaye kwa wengine pia. Ikanifanya niiweke Mahabharata kando, nisome Ramayana ya Valmiki, utenzi wa Rama, vitabu saba viitwavyo kanda, mashloka yapata 24,000.

Kosa la hapa ni la kujiamini. Niliandika daftarini kwamba Lakshmana, mdogo wake Rama, alichora mstari kuzunguka kibanda, akamwambia Sita, mke wa Rama, asiuvuke. Niliandika kabla ya kufika, kwa sababu "kila mtu anajua." Nikafika. Mstari haupo. Kwa Valmiki, Lakshmana anaondoka kwa shingo upande baada ya Sita kumsema vibaya, na Ravana, anayekuja kumteka, anaingia amejigeuza mtawa. Mstari ni wa masimulizi ya baadaye. Ramayana si moja: Kamban aliiimba kwa Kitamil karne ya 12, Tulsidas akaanza yake kwa Kiawadhi mwaka 1574, na mzee wa duka yake ni ya mikanda ya video, ule mfululizo wa televisheni ya India wa 1987 na 1988. Nilipomwambia mstari haupo, aliniangalia kama niliyesema bahari ya Tanga haina maji.

Nikamuuliza na habari ya Vali, ambaye Rama anampiga mshale akiwa amejificha, wakati Vali anapigana na ndugu yake. Vali mwenyewe anamhoji Rama kabla ya kufa, na maswali yake yana uzito kuliko majibu anayopewa. Mzee akacheka. "Rama ni Mungu, mwalimu. Wewe unasoma kama hakimu wa mwanzo."

Labda ni kweli. Daftari sijalibadilisha.

25 Februari 2024: vitabu vya vita

Bhishma, Drona, Karna, Shalya. Siku 18 za mapigano. Maelezo ya kawaida hayafai hapa, nilijaribu nikajikuta nimeandika "mishale mingi" mara kumi na moja kwenye ukurasa. Nimechora jedwali: siku, jemadari, nani kafa, kwa mkono wa nani, na safu ya mwisho, *kanuni gani imevunjwa.* Safu hiyo ilijaa haraka kuliko zote. Kabla ya vita walikubaliana kwamba asiye na silaha hapigwi. Drona, mwalimu wao wa silaha, na Karna waliuawa, mmoja silaha zikiwa chini, mwingine gurudumu likiwa limezama.

Majeshi ni akshauhini 18, saba kwa kumi na moja. Akshauhini moja ni magari 21,870, tembo 21,870, farasi 65,610 na askari wa miguu 109,350. Jumlisha tarakimu za kila namba: kila mara unapata 18, hata ukikosea kama nilivyokosea mimi kwa kuandika 61,650. Namba hizi hazikuhesabiwa uwanjani. Zimetungwa na mtu anayependa namba yake.

Bhagavad Gita, mazungumzo ya Krishna na Arjuna kabla ya vita, iko hapa mwanzoni, mashloka 700. Wengi huisoma peke yake. Mimi nilifika nikiwa tayari nawafahamu wote waliosimama upande wa pili, na Arjuna alipoangusha upinde nikasema naam, na mimi ningeangusha.

Bhishma akianguka haigusi ardhi, mishale iliyomjaa mwilini inamshikilia. Anachagua kutokufa hadi jua ligeuke. Nilimkumbuka Liyongo, aliyechomwa kitovuni na mwanawe, akaenda kupiga goti kisimani na mshale kwenye upinde, akafa hivyohivyo, na watu wakaogopa kuteka maji. Tofauti ni kwamba Liyongo amenyamaza. Bhishma anakaribia kuongea kurasa elfu.

Drona aliuawa kwa neno. Bhima akamuua tembo aitwaye Ashwatthama, jina la mwana wa Drona, na Yudhishthira, asiyesema uongo, akaambiwa atamke "Ashwatthama amekufa." Akatamka, na "tembo" akalisema kwa sauti ya chini isisikike. Gari la Yudhishthira siku zote lilikuwa likielea vidole vinne juu ya ardhi. Likashuka. Anaweza mtu kusoma kitabu kizima kwa ajili ya vidole hivyo vinne.

Hasara: simu ilianguka Januari, kioo 65,000. Alama zote nilizoweka ndani zikapotea. Daftari halikupotea.

2 Juni 2024: usiku, na wanawake

Sauptika na Stri nimezichapa kwenye karatasi, kurasa 74 kwa 150 kila moja. Sikutaka kuzisoma kwenye kioo.

Ashwatthama analala chini ya mti, anaona bundi akiwaua kunguru waliolala, anapata wazo. Usiku huo anaingia kambini na kuwaua askari wa washindi usingizini, pamoja na wana watano wa Draupadi. Halafu asubuhi, na Gandhari, mama wa wana mia, anatembea uwanjani.

Hapa nilijaribu jambo nililolianzia kazi hii, kugeuza ubeti mmoja kuwa utenzi. Majaribio matatu ya kwanza yalikuwa matamu mno. Vina vyetu vinabembeleza, na maiti hazibembelezwi. La nne nimelibakiza:

*Wajane wapita hao*
*wasaka waume zao*
*kichwa hiki si cha kwao*
*na mwili haufanani*

Katika matini wanawake wanaokota kichwa, wanakiunganisha na kiwiliwili, wanaona si vya mtu mmoja. Kina cha tatu bado kinanikera, "cha kwao" kimekuja kwa kuitwa na kina. Lakini mstari wa nne haubembelezi.

Mwisho wa parva watu wako mtoni wakiwatolea wafu maji, na Kunti anasema: mtoleeni na Karna, alikuwa kaka yenu mkubwa. Nilichukua manila ya tatu, shilingi 500. Nikachora mstari mweusi kutoka kwa Pandu kwenda kwa Karna, kwanza kabla ya Yudhishthira. Mrithi halali alikuwa upande wa pili muda wote, na waliojua walikuwa wanne watano, wote wakanyamaza, na mmoja wao ni mrithi mwenyewe.

8 Septemba 2024: Shanti na Anushasana

Hizi ndizo kurasa elfu za Bhishma. Anamfundisha Yudhishthira utawala, kodi, majasusi, ukombozi wa roho. Nakiri nimeruka. Sura za sadaka ya ng'ombe nilisoma vichwa tu. Lakini usiziache zote, kwa sababu Yudhishthira ameshinda na hautaki ufalme, na kila anachoambiwa ni namna ya kumzuia asikimbilie msituni.

20 Oktoba 2024: mwisho

Vitabu vitano vya mwisho ni vifupi, nilivimaliza kwa wiki tano. Ukoo wa Krishna unauana kwa mabua yaliyogeuka marungu. Krishna anapigwa mshale na mwindaji aliyemdhania swala. Ndugu watano na Draupadi wanatembea kuelekea milimani, na mbwa nyuma yao. Wanaanguka mmoja mmoja, Draupadi kwanza, Bhima mwisho. Yudhishthira hageuki. Indra, mfalme wa miungu, anakuja na gari, anasema mbwa haingii. Basi na mimi siingii, anasema Yudhishthira.

Mbwa alikuwa Dharma, na herufi ya pembeni niliyoweka hapo ni U, ile niliyoifuta mwaka jana.

Akifika mbinguni anamkuta Duryodhana amekaa kwenye kiti. Wadogo zake hawapo. Anawauliza, na wa kwanza kumtaja ni Karna. Anapelekwa njia yenye giza na uvundo, anasikia sauti zao, anakataa kurudi juu.

Hesabu: siku 651 tangu nianze, nilizosoma kweli labda 500. Kaunta buku tatu 18,000, manila tatu 1,500, kalamu 4,000, kuchapa 11,100, kioo cha simu 65,000. Jumla 99,600, bando sikuhesabu. Asiyeangusha simu atatumia 34,600.

Wiki hii nilipita dukani na kaunta buku zote tatu kwenye mfuko wa rambo. Mzee akafungua la kwanza, akafuata mstari mwekundu kwa kidole mpaka kwa Vyasa, akavaa miwani.

"Niachie," akasema.

"Si ulisema haikai nyumbani, mzee?"

"Nani kasema nyumbani?" Akalisukuma chini ya kaunta, kando ya mita ya kupimia vitambaa. "Hapa ni dukani."